Shajara ya darasa la michoro ya majengo, Keko, Dar es Salaam

Jumamosi, 8 Februari 2025

Tumeanza. Watu 14 kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya fanicha hapa Keko. Mzee mwenye karakana ametupa chumba hicho kila Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, kwa sharti moja: mtu yeyote asiguse mashine ya randa. Kodi hataki. Aliniambia, "Nimefanyia kazi michoro ya watu miaka 30, na hakuna hata mmoja aliyenikalisha chini akanifundisha kuisoma. Waje."

Waliokuja ni mafundi waashi watatu, maseremala wawili, dada mmoja anayepamba kumbi za harusi, vijana saba waliomaliza kidato cha nne wakakwama hapo, na mama mmoja wa makamo anayejenga kidogo kidogo huko Chanika. Nilipowaomba wajitambulishe, mama huyo alisema ameshanunua ramani mbili na zote mbili mafundi walimwambia hazijengeki, kwa hiyo amekuja ajue mwenyewe anachouziwa.

Naandika shajara hii ili mtu wa Tanga au Mwanza akitaka kuanzisha darasa kama hili asianzie sifuri. Nitaandika kinachokwenda na kinachokwama.

Na kwa nini darasa lenyewe. Shahada ya usanifu majengo hapa kwetu ni miaka mitano. Nilipokuwa nasoma, familia yangu ilijipanga kwa ajili ya ada, ada ikapatikana. Kilichotumaliza ni vitu vya pembeni ambavyo hakuna aliyetuonya: karatasi za A1, kadibodi na gundi za modeli, kuprinti usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, laptopu inayoweza kubeba programu nzito. Mwenzangu mmoja, mwenye jicho kuliko sote darasani, aliondoka mwaka wa pili kwa sababu laptopu yake ilikufa na hakupata nyingine. Leo anauza vipuri vya pikipiki. Kila nikipita dukani kwake naona ametengeneza rafu za duka lile kwa akili ambayo wengi wetu tulioendelea hatuna.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja akapime chumba anacholala. Futi, daftari la hesabu lenye miraba, penseli. Basi.

Jumamosi, 15 Februari

Mbao za kuchorea zimepatikana bila kununua hata moja. Mzee alitufungulia stoo ya mabaki: vipande vya MDF (mbao za unga wa mbao uliobanwa) vilivyobaki kwenye makabati. Tumekata vya milimita 600 kwa 450, ambavyo vinabeba karatasi ya A2 na nafasi ya kidole pembeni. Maseremala wawili wametengeneza rula za T kwa mabaki ya mninga. Moja ilipinda kidogo, tumeirudisha ikapigwa randa. Penseli za HB na 2B, vifutio na karatasi nimenunua mimi. Kila mwanafunzi atachangia shilingi 2,000 kwa mwezi, asiyekuwa nayo atapanga chumba na kufagia vumbi la mbao.

Jumamosi, 22 Februari

Vyumba vimeletwa. Nilivibandika vyote ukutani na nikajikuta nimesimama kimya muda mrefu. Chumba kidogo kuliko vyote kina futi 8 kwa 9, wanalala wanne. Mwenye chumba, kijana wa Yombo, amechora hadi ndoo ya maji nyuma ya mlango, kwa sababu mlango haufunguki wote na alitaka tuelewe kwa nini.

Watu wanaposikia ubunifu wa ndani wanafikiria sofa za matajiri wa Masaki. Chumba cha futi 8 kwa 9 chenye watu wanne ndicho kinachomhitaji mbunifu hasa, maana kila sentimita 10 zina mwenyewe.

Mchoro wa dada wa mapambo uligoma kufunga. Kuta zake nne alizipima sawasawa, lakini akizichora, ukuta wa mwisho haukutani na wa kwanza. Nilimwuliza kama alipima kona kwa kona. Hakupima. Fundi mwashi mmoja akainuka bila kuombwa, akachukua kamba, akaonyesha jinsi wanavyopiga mraba kwenye msingi: 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari lazima usome 5. Usiposoma 5, kona yako imelala. Kijana mmoja wa kidato cha nne akamtazama akasema, "Kaka, si hii ndiyo Pythagoras?" Fundi hajui Pythagoras ni nani. Ameitumia miaka 12. Kijana alifeli hesabu, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuona ile alama ya pembe mraba inafanya kazi gani duniani.

Vyumba saba kati ya 14 vimo kwenye nyumba za aina moja: mlango wa mbele na baraza, ukumbi unaopita katikati hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, choo na jiko uani. Nyumba ya Kiswahili. Hawakujua kwamba wanaishi kwenye aina ya jengo lenye jina, inayoandikiwa na wasomi. Nitaifanya kitabu chetu cha kwanza.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nitaandika kirefu, maana nimejifunza mimi kuliko wao.

Nilikuwa nahangaika na namna ya kueleza mkato. Ofisini tunasema maneno ya Kiingereza tu, na mafundi wanasema sekisheni (mkato) na elevesheni (mwonekano wa mbele) bila kuwa na uhakika ipi ni ipi. Nilichora ubaoni mara tatu. Nyuso ziliniangalia kwa heshima, bila kitu nyuma yake.

Mzee alikuwa mlangoni akisikiliza. Akatoka, akarudi na kabati bovu la vyombo lililokuwa likisubiri kuvunjwa. Akaliweka katikati, akashika msumeno, akalikata kwa mlalo, karibu na katikati. Ilichukua dakika nzima, vumbi likituingia puani. Akainua nusu ya juu akaiweka pembeni, akasema, "Chungulieni."

Tukachungulia kutoka juu. Unene wa mbao za pembeni ukaonekana kama mistari miwili. Milango miwili ikaonekana ilivyokaa kwenye bawaba. Rafu ya chini ikaonekana kama sakafu. Yule mama wa Chanika akavuta pumzi: "Kumbe ramani ni nyumba iliyokatwa kiunoni!"

Ndivyo hasa. Ramani ya sakafu ni mkato wa kulala, unaopita kwa kawaida kwenye kimo cha kama mita 1.2 ili uguse madirisha na milango. Vinavyokatwa vinachorwa kwa mstari mzito, vinavyoonekana chini kwa mstari mwembamba. Halafu mzee akaigeuza ile nusu ya chini, akaikata tena, safari hii kutoka juu kwenda chini, na hapo tukaona kimo cha droo, rafu na miguu. Huo ndio mkato wa kusimama. Kila mmoja alichora vyote viwili kabla ya saa 7, na hakuna aliyekosea.

Nimeamua: kila neno litafundishwa mara mbili, la Kiswahili kwanza na la ofisini pili. Wakienda kuomba kazi wataulizwa la ofisini. Lakini jambo lenyewe liingie kwanza kwa lugha wanayoota nayo. Ukutani sasa tuna orodha kwa chaki: ramani ya sakafu, mkato, mwonekano wa mbele, skeli, linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha), kenchi (mbao zinazobeba paa), jamvi (zege la sakafu). Mafundi ndio walioleta nusu ya maneno hayo.

Kesho Ramadhani inaanza. Tutaanza saa 2 na kumaliza saa 5, waliofunga wasichoke.

Jumamosi, 29 Machi

Kompyuta. Nimepata laptopu tatu za mtumba, RAM ya gigabaiti 4 kila moja, moja betri yake haishiki chaji kabisa. Matokeo, kwa atakayehitaji:

Sweet Home 3D ni ya bure, inafunguka vizuri kwenye mashine hizi, unachora kuta na kupanga fanicha na kuona chumba kwa sura. Inafaa sana kwa ubunifu wa ndani wa kuanzia. LibreCAD nayo ni ya bure, kwa michoro ya mistari yenye vipimo. Blender, ya kutengeneza picha za 3D, ni ya bure na ina nguvu ajabu, lakini kwetu ilitoa joto na kuganda, tumeiacha. AutoCAD, programu ya michoro ya maofisini, hutolewa bure kwa wanafunzi, ila lazima uwe umesajiliwa kwenye chuo kinachotambulika, na wangu hawako kwenye chuo chochote. Mlango wa bure upo, na umewekwa ndani ya uzio ambao wao wako nje yake.

Programu zote nimeziweka kwenye flashi moja inayozunguka, mtu asiunguze bando kupakua.

Jumamosi, 26 Aprili

Masika. Jumamosi tatu mfululizo hatujafika hata watano. Wa Mbagala wakikwama njiani siku nzima imekwenda. Nimeanza kutuma somo kwa sauti ya WhatsApp, dakika sita hivi, na picha mbili za karatasi. Video nilijaribu, wengi hawakuifungua; sauti wanasikiliza wakiwa kwenye daladala.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepata hasara, na nataka ieleweke ilivyotokea.

Mmoja wa maseremala wetu alipata kazi ya kabati la nguo. Tulichora pamoja kwenye laptopu kwa skeli ya 1:20, upana milimita 1,200, yaani milimita 60 kwenye karatasi. Akaenda kuprinti steshenari moja ya mtaani. Kompyuta ya pale iliachwa kwenye mpangilio wa kubana mchoro uenee kwenye karatasi, ukatoka kwenye asilimia 94. Hakuna aliyegundua, maana mchoro uliopungua kiasi hicho unaonekana mzuri vilevile. Yeye, kwa bidii ya mwanafunzi mwema, akachukua rula, akapima kwenye karatasi milimita 56 na nukta kadhaa, akazidisha kwa 20, akakata mbao za milimita 1,128.

Kabati limekuwa fupi kwa sentimita 7. Pengo lile, kati ya kabati na ukuta, linaonekana ukiingia tu chumbani. Mteja amekataa. Mzee amelinunua yeye kwa bei ya mbao ili kijana asidaiwe.

Kosa ni langu. Nilimfundisha skeli kabla ya kumfundisha kutoiamini karatasi. Kuanzia leo kila mchoro unaotoka hapa una vitu viwili. Cha kwanza, vipimo vimeandikwa kwa namba, na aliyeshika msumeno anasoma namba, hapimi karatasi. Cha pili, chini ya mchoro kuna mstari wa skeli, kipande kilichogawanywa mita moja, mbili, tatu. Mstari huo ukiprintiwa vibaya unabanwa pamoja na mchoro, kwa hiyo bado unasema kweli. Unauwekea rula kabla ya jambo lolote: kama mita moja kwenye 1:20 haifiki sentimita 5, rudisha karatasi kwa aliyeiprinti.

Kijana alikuja leo. Niliogopa hatakuja tena.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekuwa nikitafakari tangu lile kabati.

Nilipoanza niliamini kinachozuia watu ni bei ya vitu. Ndiyo maana nilihangaika na mbao za kuchorea, programu za bure, masomo ya bure. Na kweli masomo yapo: MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza tangu mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, usanifu majengo ukiwemo. Vijana wangu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri wamepitia baadhi. Wamejaza madaftari. Lakini michoro yao haijasogea.

Aliyesogea ni yule dada wa mapambo, ambaye hajaangalia video hata moja. Nilipojiuliza kwa nini, nikakumbuka: yeye ndiye anayekaa nyuma kila Jumamosi kuniomba nimsahihishe. Ananiletea mchoro, napiga kalamu nyekundu, anarudi nao wiki inayofuata. Saba hadi sasa. Nimeitazama yote kwa mfuatano. Kwenye wa kwanza mlango unagonga kitanda. Kwenye wa nne mlango umehama. Kwenye wa saba amehamisha kitanda, mlango na dirisha, na chumba kinapumua.

Chuoni ndicho tulichokuwa tunalipia, ingawa hakikuandikwa kwenye risiti: mtu anayejua zaidi yako akiangalia kazi yako kwa macho yake na kukuambia hapa hapajakaa. Programu inaweza kuwa ya bure, kitabu kinaweza kuwa cha bure. Huyo mtu ana saa zake, na saa zake zina bei.

Kwa hiyo mradi unabadilika. Nimewaomba wenzangu wanne wanaofanya kazi za michoro mjini kila mmoja atoe Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili tu, kusahihisha. Watatu wamekubali. Nao mafundi wamepewa kalamu nyekundu: mwashi anasahihisha msingi na kuta, seremala anasahihisha fanicha na kenchi. Michoro itabandikwa ukutani, mwenye mchoro ananyamaza dakika tano za kwanza, anasikiliza.

Jumamosi, 7 Juni

Idd el Hajj. Hakuna darasa. Mama wa Chanika amenitumia pilau kwa bodaboda.

Jumamosi, 21 Juni

Siku niliyoisubiri tangu Februari. Leo jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini.

Tulisimamisha kijiti cha mita moja uani, kwenye sakafu ya zege, tukakinyoosha kwa timazi. Kuanzia saa 5 na nusu tukawa tunaweka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kilipungua, kikapungua, kikafika ufupi wake wa mwisho yapata saa 6 na dakika 25, adhana ya adhuhuri ikianza kusikika. Tulipima: sentimita 58, kikielekea kusini moja kwa moja.

Walitegemea kivuli kiwe kifupi zaidi. "Si tupo karibu na ikweta?" Tupo, lakini Dar iko nyuzi 6 na dakika kama 48 kusini mwa ikweta, na leo jua liko nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini. Jumla nyuzi 30. Saa sita mchana, basi, jua la leo liko nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini. Na kuhusu saa: saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki ya Dar, ndiyo maana katikati ya mchana wa jua huchelewa.

Halafu tukaleta kwenye nyumba. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini linahitaji kinga ya jua yenye urefu gani juu yake ili saa sita ya leo lisiingiwe na jua? Gawa 1.2 kwa 1.73, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 60. Inakuja sentimita 69, sema 70. Dirisha la kusini, mwezi Desemba, jua likiwa nyuzi 73, linatosheka na sentimita 36. Wale waliofeli hesabu waliigawa wenyewe, kwenye simu, wakabishana juu ya nukta.

Upepo tumeugusa juu juu: kusi linavuma sasa, kaskazi litakuja mwisho wa mwaka, chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakinufaiki na upepo wowote kati ya hizo. Tutarudi.

Jumamosi, 12 Julai

Darasa la miguu. Nauli tu, hakuna gharama nyingine.

Tulianza Boma la Kale, karibu na bandari, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Niliwaambia boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba na virefu. Kijana wa Yombo akafungua daftari lake la Februari. Chumba chake cha futi 9 ni mita 2.7. "Kwa hiyo na changu kimetoka huku?" Sikuwa na jibu la haraka. Swali lake limenifuata hadi nyumbani.

Kisha Kariakoo. Tulisimama ng'ambo ya barabara, jua kali, watu wakitupita na mizigo, tukachora mapaa ya soko yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa, kila mmoja kwenye nguzo yake. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2021 liliungua. Alilibuni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kusomea kazi hii. Miavuli ile inakusanya mvua na kuishusha katikati, na chini yake hewa na mwanga vinapita. Wote 14, ukiniondoa mimi, wameshanunua nyanya pale. Hakuna aliyewahi kuinua macho.

Fundi mwashi mmoja alitazama zile nguzo kwa muda, akasema taratibu, "Huyu mzee alijua zege." Sijawahi kusikia mhakiki akisifia jengo vizuri kuliko hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Swali limekuja, nami nilikuwa nalisubiri: "Nikimaliza hapa, nitakuwa nani?"

Nimewajibu wazi, kwa sababu kuwadanganya kungekuwa kuwaibia. Hawatakuwa wabunifu majengo. Jina hilo linalindwa na sheria. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, inafanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya 2010, na kusajiliwa kunahitaji elimu ya chuo, mafunzo ya kazini na mitihani. Atakayetoka hapa akajiita mbunifu majengo atapata matatizo, na atastahili.

Wanachoweza kuwa ni kingine. Fundi mwenye ujuzi wa miaka bila cheti anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anapimwa kwa kazi anayoijua, anapata cheti. Vijana wenye ufaulu wa kuendelea tunawaandaa waende stashahada au Chuo Kikuu Ardhi wakiwa na mkoba wa michoro na mkono uliokwishazoea penseli, wasipoteze mwaka wa kwanza kama nilivyoupoteza mimi. Dada wa mapambo hahitaji ruhusa ya mtu kubuni kumbi. Wateja wake sasa wanaona mpango wa meza kabla ya siku.

Vijana wawili hawakufurahi. Mmoja alikusanya vitu vyake mapema akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumebaki tisa. Kati ya waliotoka, mmoja ni yule aliyeondoka mwezi uliopita. Mwashi mmoja amepata kazi Dodoma, hilo ni jema. Watatu wameshindwa nauli, na hilo linaniuma. Kwa wawili wa Mbagala tumekubaliana wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wabandike michoro mlangoni, wanipigie picha, nasi tunasahihisha kwa sauti. Wa tatu simu yake haipatikani.

Fedha: michango haifiki hata bei ya karatasi. Inayotubeba ni mabaki ya mbao ya mzee na saa za wasahihishaji. Ningeombwa niseme kitu kimoja ambacho mfadhili angeweza kulipia, nisingesema kompyuta. Ningesema nauli, na posho ya msahihishaji.

Nimemaliza rasimu ya nyumba ya mama wa Chanika: vyumba vitatu, jiko ndani, uani nyuma. Kinga za jua za sentimita 70 pande zote. Nimempa mama nakala akaisome kwa kalamu nyekundu, kama tunavyowapa wengine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kijiti kilekile, sakafu ileile. Alama za chaki za Juni zimefutika, lakini mzee alikwangua moja kwa patasi, ile ya sentimita 58.

Saa 6 na dakika 10 kivuli kilikuwa kimeingia chini ya kijiti. Ukilala kifudifudi unaona ukingo wa upana wa kidole, basi. Jana na leo jua linapita juu ya utosi wa Dar likielekea kusini. Kijana wa Yombo alisimama wima kando ya kijiti, akatafuta kivuli chake, akakikuta chini ya viatu.

Mama wa Chanika alisubiri wengine waende kunywa chai. Akakunjua ramani yake mezani.

"Mwanangu, hapa umekosea."

Dirisha la jiko linatazama magharibi. Alichukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 70 kutoka stoo ya mabaki, mwanawe akakipigilia juu ya dirisha la magharibi kwenye chumba wanachopanga. Saa 10 jioni, siku nne mfululizo, aliweka alama ya chaki mahali kivuli kilipoishia. Kilishuka sentimita 45 tu. Dirisha ni la mita 1.2. Jua lote lililobaki lilimwagika ndani, juu ya jiko la gesi.

"Jua la saa sita linazuiwa kwa kofia," alisema. "La saa kumi linakuja limeinama, linapita chini ya kofia. Mpishi atakaa humo na jua usoni."

Amezungushia dirisha duara jekundu. Kwenye ukuta wa kaskazini wa jiko amechora jingine, kwa rula, mistari mizito pale ukuta unapokatwa na miembamba pale dirisha linapokaa, vipimo vimeandikwa kwa namba, na chini ya karatasi mstari wa skeli. Upande wa magharibi ameacha ukuta mtupu na duara lenye neno "mwembe".

Nimepima mstari wake kwa rula. Umekaa sawa. Wiki hii nachora upya ukuta wa magharibi, na Jumamosi ijayo nambandikia ukutani, nikae kimya dakika tano.